Miguu Inayowaka Moto Yastahili Kipimo Kabla ya Kidonge

Saa saba usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, mama mwenye umri wa miaka hamsini na ushei anaitoa miguu yake nje ya chandarua na kuikanyagisha kwenye sakafu ya saruji. Ubaridi wa sakafu humpa nafuu ya dakika chache. Shuka, hata lile jepesi la pamba, limekuwa adui kwake: likigusa vidole, vidole huwaka kana kwamba vimepakwa pilipili. Mchana, akiwa katika shughuli zake, moto huo hufifia na pengine kusahaulika, usiku hurudi. Anapomweleza jirani, huambiwa kuwa huo ni uzee unabisha hodi. Dada yake humuuliza kama hakukanyaga kitu kilichotegwa mlangoni. Muuzaji wa duka la dawa, kwa nia njema kabisa, humfungia vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B pamoja na dawa ya maumivu ya kuchua. Mama hurejea nyumbani na matumaini. Hakuna aliyemvua viatu, wala aliyempima sukari.

Mama huyu ni wa mfano, lakini wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki watamtambua bila kuelezwa zaidi. Malalamiko ya miguu na mikono kuungua ni ya kawaida mno katika zahanati na maduka ya dawa, na pengine ukawaida huo ndio uliozaa mazoea ya kuyajibu haraka. Hoja ya makala haya ni kwamba mazoea hayo yana gharama kubwa. Kuungua kwa miguu ni dalili ya jambo jingine, na anayeipewa dawa kabla hajaulizwa na kupimwa hucheleweshwa katika kipindi ambacho msaada ungemfaa zaidi.

Moto usio na joto

Ajabu ya kwanza ya dalili hii ni kwamba miguu inayodaiwa kuwaka mara nyingi haina joto lolote ikiguswa. Tatizo halimo katika ngozi, bali katika mishipa ya fahamu, yaani neva, ambazo kazi yake ni kupeleka habari za mguso, joto na maumivu kwenye uti wa mgongo na ubongo. Nyuzi nyembamba zinazobeba habari za joto na maumivu zinapoumia, huanza kutuma ujumbe wa uongo. Ubongo huupokea kama ulivyotumwa, na mtu huhisi moto mahali pasipo na moto, sindano pasipo na sindano, au sisimizi wanaotembea ilhali hawapo.

Ajabu ya pili ni mpangilio wake. Neva zinazofika kwenye vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote mwilini. Kwa mtu mzima hukaribia urefu wa mita moja kuanzia sehemu ya chini ya mgongo. Seli inayoilisha kila neva iko karibu na uti wa mgongo, hivyo chakula na nguvu husafiri njia hiyo yote hadi nchani. Jambo lolote linalovuruga ulishaji huo, iwe sukari iliyozidi, pombe, sumu au ukosefu wa vitamini, huanza kujidhihirisha mwisho wa njia. Ndiyo maana kuungua kwa namna hii huanza vidoleni, katika miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda polepole kuelekea kwenye magoti. Hali inapokaribia magotini, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kuwaka. Mgonjwa huwa kama aliyevaa soksi na glavu za moto.

Mpangilio huo ni habari yenye thamani kubwa, tena haidai mashine. Mguu mmoja tu unaoungua, au mkono mmoja peke yake, huelekeza mahali pengine. Mwanamke mjamzito, fundi cherehani au mtu mwingine yeyote anayeamshwa usiku na moto kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huenda neva yake imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Anayewashwa na kuungua katikati ya vidole vya miguu, ngozi ikiwa imelowa na kuchunika, huenda ana fangasi tu. Tofauti hizi hujulikana kwa kuuliza na kutazama.

Sababu zilizo karibu na nyumbani

Miongoni mwa sababu zote, kisukari ndicho kinachoongoza duniani. Takriban nusu ya watu wenye kisukari hupata madhara ya neva kadiri miaka inavyopita, na wapo ambao miguu yao ilianza kuwaka kabla hawajajua kuwa wana ugonjwa huo. Kisukari cha ukubwani huweza kukaa mwilini kwa miaka bila kelele. Kwa mtu wa namna hiyo, miguu ndiyo iliyotoa taarifa ya kwanza. Tone moja la damu kutoka kwenye kidole lingetosha kuanza uchunguzi: sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofikia milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.

Sababu ya pili yahusu maradhi ambayo ukanda huu unayafahamu kwa uchungu. Virusi vya UKIMWI vyenyewe huweza kudhuru neva, na miongoni mwa dawa za mwanzo za kuvidhibiti ilikuwemo stavudini, iliyowaacha wengi na miguu inayowaka. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiondoe dawa hiyo hatua kwa hatua kwa sababu ya madhara yake. Ilikwisha kuondoka, lakini baadhi ya waliowahi kuitumia wangali na maumivu yake. Kwa upande wa kifua kikuu, isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na ndiyo sababu walio katika hatari, wakiwemo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wajawazito na wenye lishe duni, hupewa B6 pamoja nayo. Mgonjwa anayeacha kidonge hicho kidogo kwa kudhani ni cha ziada tu hujiweka katika hatari bila kujua.

Vitamini zenyewe zina sehemu yake. Upungufu wa B12 huweza kuleta kuungua, ganzi, kuyumba wakati wa kutembea na hata kupotewa na kumbukumbu. Huwapata wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, wazee ambao tumbo lao halifyonzi tena vitamini hiyo vizuri, na wanaotumia metfomini kwa miaka mingi. Hapa pana mtego: mgonjwa wa kisukari anayetumia metfomini anaweza kuungua kwa sababu ya sukari, kwa sababu ya B12, au kwa zote mbili. Aidha, mwenye upungufu wa B12 akipewa asidi ya foliki peke yake, damu yake huweza kuongezeka na kuonekana kupona huku neva zikiendelea kuharibika.

Pombe hudhuru neva kwa njia mbili, kwa sumu yake na kwa kuchukua nafasi ya chakula, hasa vyakula vyenye vitamini B1. Figo zilizochoka, tezi ya thairoidi iliyolegea, baadhi ya dawa za saratani na matumizi ya muda mrefu ya metronidazo navyo vimo katika orodha. Ukoma, ambao wengi hudhani ni ugonjwa wa hadithi za kale, bado upo Afrika Mashariki. Baka kwenye ngozi lisilohisi mguso, pamoja na ganzi ya mkono au mguu, latosha kumpeleka mtu kituoni, ambako dawa zake hutolewa bure.

Somo la Kuba na la Dar es Salaam

Yawezekana msomaji akauliza: ikiwa upungufu wa vitamini ni miongoni mwa sababu, kosa la muuzaji wa duka la dawa liko wapi? Jibu zuri laweza kupatikana Kuba. Kati ya mwaka 1991 na 1993, baada ya kuanguka kwa Umoja wa Kisovyeti na chakula kuadimika kisiwani humo, zaidi ya watu 50,000 walipatwa na ugonjwa wa neva. Wengine walififia macho, wengine walipatwa na ganzi na moto miguuni na mikononi, na wengine vyote kwa pamoja. Mwaka 1993 serikali iliwagawia wananchi wote vidonge vya vitamini, na mlipuko ukapungua.

Vitamini zilifaa Kuba kwa sababu zilitanguliwa na uchunguzi. Wagonjwa walihesabiwa, wakaulizwa walichokula, walichokunywa na walichovuta. Ikaonekana kwamba lishe duni na uvutaji wa tumbaku vilikuwa vimeandamana na ugonjwa. Kidonge kilikuwa hitimisho la uchunguzi. Katika duka la dawa la mtaani, kidonge hicho hicho hutolewa mahali pa uchunguzi.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho jijini humo walieleza juu ya vijana waliopoteza uwezo wa kuona vizuri katika macho yote mawili, na miongoni mwao walikuwemo waliokuwa na neva za miguu zilizoathirika pia. Lishe imeshukiwa sana, ingawa hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa. Kijana anayelalamikia miguu, kwa hiyo, aulizwe pia kuhusu macho. Na anayelalamikia macho aulizwe kuhusu miguu. Mwili haujagawanywa kwa idara kama hospitali.

Kidonge kisicho na hatia?

Utetezi unaosikika mara nyingi ni kwamba vitamini hazina madhara. Kama hazikusaidia, hazikudhuru. Utetezi huu hauna msingi imara. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1.3 hadi 1.7 za vitamini B6 kwa siku, ilhali vidonge vingi vya mchanganyiko wa vitamini B vina miligramu 100 hadi 200 katika kidonge kimoja. B6 inapozidi kwa muda mrefu, yenyewe hudhuru neva na kuleta ganzi na kuungua. Hivyo mgonjwa anayeongeza vidonge kwa sababu moto haujapoa anaweza kuwa anauchochea.

Hata hivyo, madhara makubwa zaidi ni ya muda unaopotea. Neva iliyoumia kwa kisukari haikai hapo ilipo kusubiri. Baada ya miezi au miaka ya kuwaka, huweza kufa kabisa, na siku inapokufa maumivu huisha. Mgonjwa hushukuru, jirani humpongeza, na kidonge hupewa sifa isiyo yake. Kumbe kilichotokea ni kwamba mguu umeacha kulalamika kwa kuwa hauwezi tena kuhisi. Mwiba huingia bila habari. Kokoto ndani ya kandambili husaga ngozi kutwa nzima. Maji ya moto ya kukanda hubabua unyayo na mwenyewe hana taarifa. Kidonda huzaliwa, huoza, na safari inayoanzia hapo mara nyingi huishia kwenye chumba cha upasuaji, mguu ukikatwa. Wahenga waliposema kuwa mficha maradhi kilio humuumbua, hawakuwa wamemfikiria mtu aliyefichwa maradhi yake na dawa ya kubahatisha. Lakini methali yamfaa naye.

Imani ya kukanyaga kitu kilichotegwa nayo isijibiwe kwa kejeli. Familia inayosema hivyo inatafuta maana ya mateso yasiyoonekana kwa macho, na mhudumu anayecheka huipoteza familia hiyo moja kwa moja. Lililo muhimu ni kukubaliana juu ya utaratibu: kipimo cha sukari, cha virusi vya UKIMWI na mazungumzo na tabibu vitangulie, leo, kabla ya safari nyingine yoyote.

Yanayowezekana bila mashine

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la gharama. Vipimo vya umeme wa neva vinapatikana katika hospitali chache kubwa. B12 haipimwi kila mahali. Mgonjwa wa kijijini hana nauli. Yote hayo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya uchunguzi wa kwanza haigharimu ila dakika kumi. Hata mashine hizo za umeme huweza kutoa majibu ya kawaida pale ambapo ni nyuzi nyembamba tu zilizoumia, kwa hiyo kukosekana kwake si sababu ya kukaa bila kufanya lolote.

Maswali yanajulikana: moto ulianza lini, ulianzia wapi, uko miguu yote miwili? Je, kuna kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito? Mgonjwa anatumia dawa gani, na amewahi kutibiwa kifua kikuu? Anakunywa pombe kiasi gani, anakula nini? Kisha viatu vivuliwe. Uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, ukigusishwa kwenye unyayo, huonyesha kama hisia ya kinga ingalipo. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho kila zahanati ingepaswa kuwa nacho. Na pale ambapo hata uzi huo haupo, kuna njia iliyobuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011. Mgonjwa hufumba macho, na mtu mwingine humgusa kwa wepesi, kwa ncha ya kidole, kwenye kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu, kwa sekunde moja au mbili. Asipohisi viwili au zaidi kati ya vidole hivyo sita, hisia za miguu yake zimepungua. Mjukuu anaweza kumfanyia bibi yake.

Duka la dawa lina nafasi yake katika jambo hili, kwa kuwa kwa wengi ndilo mlango wa kwanza. Muuzaji asiyeweza kupima sukari anaweza kuuliza, na anaweza kukataa kuuza kifurushi cha pili cha vitamini kwa mtu ambaye hajapimwa. Kukataa huko kutamkosesha fedha kidogo. Wamiliki na wasimamizi wa maduka hayo hawana budi kulifanya liwe jambo la kawaida, ili muuzaji mmoja mwadilifu asionekane mkaidi mbele ya wateja wake.

Maumivu yenyewe nayo yastahili kutibiwa, wala mgonjwa asiambiwe avumilie hadi chanzo kijulikane. Vidonge vya kawaida vya maumivu, kama diklofenaki, havisaidii sana moto wa neva, na vikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru figo, ambazo kwa mwenye kisukari tayari ziko hatarini. Amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huwapa wengi usingizi na nafuu. Lakini ni ya kuandikiwa na tabibu, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya moyo.

Wakati hayo yakifanyika, miguu ilindwe. Itazamwe kila jioni, na nyayo zikaguliwe kwa kioo. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, na miguu isiwekwe karibu na jiko la mkaa wala kukandwa kwa maji ya moto na chumvi. Zipo pia hali zisizosubiri kesho: udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, kupumua au kumeza kwa shida, kushindwa kuzuia haja, kidonda kinachonuka, au kidole kinachogeuka cheusi. Hizo ni za hospitali siku hiyo hiyo.

Mama aliyeiweka miguu yake kwenye sakafu ya saruji hadai mengi. Anahitaji mtu mmoja katika mlolongo wa wale anaokutana nao, awe muuzaji wa dawa, muuguzi au binti yake mwenyewe, atakayesema, “Kabla ya kununua chochote, twende tukapime sukari.” Pengine sukari itakuwa sawa, na uchunguzi utaendelea kwingine. Pengine itakuwa juu, na hapo matibabu yataanza wakati miguu yake ingali na uwezo wa kumweleza inapoumia.